Nimepandishwa cheo kwa kumwaibisha mdaiwa. Nikubali kuwafundisha wengine?

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni kufuatilia madeni kwa simu. Tuko ishirini na kitu kwenye chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake na hedifoni masikioni, na ubaoni mbele yetu yameandikwa majina yetu pamoja na kiasi alichoingiza kila mmoja kwa wiki. Wadaiwa wetu ni watu waliokopa kwa simu, mikopo midogo ya siku 30. Wakichelewa siku 3, faili linakuja kwetu.

Nikueleze linavyokuja, maana hapo ndipo shida yangu ilipo. Faili likifunguka halioneshi deni tu. Linaonesha na majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji, kama alivyoyahifadhi mwenyewe, kwa sababu siku aliyopakua programu alibonyeza kukubali. Kwa hiyo naona "Fundi Bomba", "Mwl wa Hisabati", "Mama Mkwe", "Usipokee 1", "Usipokee 2". Mwongozo tunaousoma unasema siku ya 4 na ya 5 mpigie mwenyewe. Siku ya 6 anza kupigia hayo majina, ukianza na yale yanayoonekana ni ya watu anaowaheshimu. Maneno tumeandikiwa: "Ndugu yako amekuandikisha wewe kama mdhamini, na sasa ametoroka na fedha." Hakuna aliyeandikishwa mdhamini. Sote tunajua. Siku ya 8 tunataja polisi na jela.

Miezi 3 iliyopita nilipata faili la mwanamke mmoja, nimwite Mama J. Alikopa 50,000. Mkononi alipokea 42,500, kwa sababu ada ya mwezi, asilimia 15, hukatwa mwanzoni. Mwezi ulipoisha hakuwa nazo zote, akalipa 7,500 ya kuongeza muda. Akafanya hivyo mara 4. Mara ya 5 akashindwa hata hiyo, ikaingia adhabu ya kuchelewa, na nilipofungua faili lilisoma 59,000. Siku ya kwanza nilipompigia alinihesabia mwenyewe bila kusita: "Kaka, nilipokea 42,500, nimeshawalipa 30,000, sasa hiyo 59,000 inatoka wapi?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa: "Hiyo ilikuwa ada, dada. Deni liko palepale."

Siku ya 6 nikampigia Mama Mkwe. Alipokea mama mtu mzima, sauti ya upole, akaniuliza kwanza kama nimeamka salama. Nikamsomea yale maneno. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Asante mwanangu kwa kunijulisha," akakata.

Baada ya siku 2 deni lote likalipwa. Jina langu likapanda juu ubaoni, wenzangu wakanipigia makofi. Jioni ile ile Mama J akapiga kwenye namba ya ofisi, akaomba kuongea na mimi. Hakutukana. Alisema: "Nimelipa. Nimekopa kwingine nikakulipa wewe. Sasa naomba umpigie mama mkwe wangu umwambie mimi si mwizi." Nikamwambia nitalishughulikia. Sijalishughulikia mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita bosi ameniita. Anataka niwe mkufunzi wa wafanyakazi wapya 12, niwafundishe mwongozo, na mshahara wangu utapanda kwa robo. Anasubiri jibu mwisho wa mwezi huu. Mke wangu anasema nikubali, kwamba nisipofanya mimi atafanya mwingine, na pengine mwenye roho mbaya kuliko mimi. Ana hoja. Mdogo wangu yuko chuoni kwa mshahara huu huu.

Kuna jambo jingine ambalo mke wangu analijua ila wazazi hawalijui. Mwaka jana mama alipougua nilikopa kazini. Nakatwa kwenye mshahara na imebaki miezi 8. Nikiacha kazi, salio lote linadaiwa mara moja. Maana yake siku ya 6 mtu wa chumba kile kile atafungua majina yaliyomo kwenye simu yangu.

Mimi naona kiini cha yote haya ni watu kukosa elimu ya fedha. Wanakopa bila kupiga hesabu. Nimeanza kimyakimya: mdaiwa akiwa mtulivu namweleza ni kipi alipe kwanza na asiongeze muda tena. Simu zinarekodiwa, najua najihatarisha. Nawaza nikubali ukufunzi, niwafundishe hao 12 kama ninavyotakiwa, halafu jioni nifungue darasa la bure la kuwafundisha watu kukopa kwa akili. Je, hilo halitafidia? Na Mama J nimpigie, au nitakuwa natonesha kidonda? Nisaidie, dada. Ile "asante mwanangu" haiondoki masikioni.

Mpiga simu, jina limehifadhiwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale yule mama alipokushukuru. Nadhani nawe umekwama hapo hapo kwa miezi 3. Mtu asiye na dhamiri asingeikumbuka sauti ya upole ya mtu aliyempigia mara moja kati ya simu mia.

Acha nirudie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Una kazi inayolisha watu 5 na zaidi. Kazi hiyo inakutaka uwaambie uongo watu wasiodaiwa chochote, ili aibu yao imfikie anayedaiwa. Uliifanya vizuri kiasi kwamba sasa unatakiwa uwafundishe wengine. Kuna mwanamke mmoja uliyemwahidi jambo hujalitimiza. Na wewe mwenyewe ni mdaiwa, kwa mtu yule yule anayekupa cheo. Hili la mwisho umeliandika kama jambo la pembeni, lakini mimi naona ndilo linaloshika mengine yote kooni.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwangu: kufuatilia madeni siioni kuwa kazi chafu. Dawa ya deni ni kulipa, na anayekumbusha kulipa anafanya kazi ya halali. Fedha inayokopeshwa mara nyingi ni akiba ya mtu mwingine, na mkopo usiporudi, anayekuja kukopa kesho hukuta mlango umefungwa au riba imepanda. Wapo pia wenye uwezo wa kulipa wanaobadilisha namba na kujificha. Lazima awepo mtu wa kupiga simu. Kwa hiyo sitaki uichukie kazi yote kwa sababu ya ukurasa mmoja wa mwongozo. Ningependa tuutazame ukurasa huo wenyewe.

Umeandika kwamba baada ya siku 2 deni lote lililipwa. Bosi naye anaamini hivyo, ndiyo maana anakupandisha. Lakini Mama J alikueleza kwa kinywa chake fedha zilikotoka. Alikopa kwingine. Basi lile deni lilihama tu, likapata riba mpya na siku 30 nyingine za kuhesabiwa. Kuna chumba kingine mahali fulani, chenye ubao kama wenu, ambako huenda faili lake limeshafunguka na Mama Mkwe yumo. Zile "Usipokee 1" na "Usipokee 2" ulizoziona kwenye simu za watu, ulishawahi kujiuliza ni namba za nani? Nadhani baadhi ni za watu wa kazi kama yako. Ofisini kwenu mnahesabu kilichoingia. Je, kuna anayehesabu kilichoingia kwa mkopo wa kwingine, au wateja waliolipa na hawakurudi tena, au malalamiko? Sikuulizi kwa kukusuta. Nauliza kwa sababu mtu anayeziona faili kila siku ndiye anayeweza kuyajua hayo, na ukiyajua utakuwa na cha kuongea na bosi zaidi ya huruma.

Sasa tuje kwenye elimu ya fedha, maana hapo umeweka matumaini yako yote na sitaki nikuvunje moyo. Ninachokuomba ni tuyatazame vizuri.

Unasema watu wanakopa bila kupiga hesabu. Lakini katika barua nzima mtu aliyepiga hesabu sawasawa ni Mama J. Alipokea 42,500. Akalipa 30,000. Akadaiwa 59,000, akalipa na hiyo. Jumla zimemtoka 89,000, zaidi ya mara mbili ya alichopata, kwa karibu nusu mwaka. Ile ada mnayoiita asilimia 15, ukiigawa kwa fedha aliyoishika mkononi ni zaidi ya 17.6 kwa mwezi, na kila alipoongeza muda hakuna hata senti iliyopunguza deni. Yeye aliliona hilo, wewe ukamjibu kwa sentensi uliyofundishwa. Niambie basi, darasa lako la jioni lingemfundisha nini ambacho hakukijua?

Mwaka 2013 watafiti Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha kwenye jarida la Science kazi waliyoifanya na wakulima wa miwa nchini India. Wakulima wale wale walipimwa kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, na tena baada ya mavuno, wakiwa wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Watu hawakubadilika, elimu yao haikubadilika, kilichobadilika ni mfuko. Mwenye shida akili yake yote imeshikwa na leo. Simu yako ya siku ya 6 inamkaba zaidi, halafu tunashangaa kwamba ameamua vibaya.

Siupuuzi uelewa wenyewe. Utafiti mkubwa wa mwaka 2014 uliofanywa katika nchi zaidi ya 140 ulikuta kwamba ni mtu mzima 1 kati ya 3 tu anayeelewa mambo ya msingi kama riba na mfumuko wa bei. Pengo lipo. Lakini mwaka huo huo Daniel Fernandes na wenzake wawili walikusanya tafiti nyingi kuhusu mafunzo ya fedha, wakakuta kwamba mafunzo hayo yanaeleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za watu katika matumizi yao ya fedha, na kwamba yanafifia kadiri muda unavyopita. Mwaka 2022 Tim Kaiser na wenzake walitazama majaribio 76, wakapata picha yenye matumaini zaidi: elimu husaidia. Nikiyaweka pamoja, ninachokiona ni kwamba elimu inasaidia ikimfikia mtu karibu na uamuzi anaotaka kuufanya. Somo la jumla analopewa mtu ambaye deni limeshamfika shingoni huwa limechelewa.

Na wewe umekaa mahali pazuri kuliko mwalimu yeyote wa jioni. Fikiria mkopaji angeoneshwa, kabla hajabonyeza kukubali, mstari mmoja tu: "Utapokea 42,500. Utarudisha 50,000. Ukiongeza muda mara 4 utakuwa umetoa 30,000 na bado unadaiwa 50,000." Hiyo ni elimu ya fedha inayoingia kwenye kiganja. Au chukua mikopo ya muda mrefu kidogo. Mtu anakopa 120,000 kwa miezi 12 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, anaona ni ndogo. Riba ikihesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, atalipa riba ya 28,800. Ikihesabiwa kwa salio linalopungua, huku akirudisha 10,000 za mkopo kila mwezi, atalipa 15,600. Asilimia ni ile ile, mkataba mmoja unakula karibu mara mbili ya mwingine. Maneno hayo hukaa kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma akiwa na mgonjwa nyumbani. Hata wewe, mdogo wangu, mkopo wako wa kazini unahesabiwa kwa njia ipi? Nina wasiwasi hujui. Uliza.

Kitu kingine unachokichukulia kama hakina mjadala ni kwamba ndivyo kazi ilivyo. Sikusikia ukitaja sheria hata mara moja. Hukuniambia uko nchi gani na sitakuuliza, lakini katika nchi nyingi ukurasa ule wa siku ya 6 ni kosa. Marekani walitunga sheria ya ukusanyaji wa haki wa madeni mwaka 1977: kampuni ya kukusanya madeni hairuhusiwi kwa kawaida kumpigia mdaiwa kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, na ikiwapigia watu wengine ni kwa ajili ya kumtafuta alipo tu, bila kuwaambia kwamba anadaiwa. Kenya, kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zinakataza vitisho, matusi, na kutumia orodha ya majina ya simu ya mteja kuwatumia watu ujumbe anaposhindwa kulipa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Huko Uingereza na Wales, tangu Mei 2021, mwenye madeni anaweza kupewa siku 60 za kupumua, riba na adhabu zikiwa zimesimamishwa huku akipata ushauri. Na hiyo jela mnayoitaja siku ya 8, Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Ulaghai ni jambo jingine. Kushindwa ni kushindwa.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha swali lako. Umeuliza kama darasa la jioni litafidia. Huenda swali lililo mbele yako ni hili: yakija malalamiko kwa msimamizi wa sekta, jina gani litakuwa juu ya karatasi ya mafunzo? Wale 12 watasema nani aliwafundisha?

Tuzitazame njia zako basi, maana zipo, na hakuna iliyo bure.

Unaweza kukubali cheo kwa masharti. Umwambie bosi uko tayari kufundisha, lakini unataka kuuandika upya mwongozo kuanzia siku ya 6. Ukimwendea na huruma peke yake huenda akakusikiliza kwa adabu na mambo yabaki yalivyo. Mwendee na jaribio: mafaili yagawanywe nusu kwa nusu kwa miezi 2. Nusu yafuatiliwe kama sasa. Nusu nyingine apigiwe mwenye deni peke yake, atajiwe mchanganuo wake kamili, kiasi alichopokea, alicholipa na kinachodaiwa, aulizwe anaweza kutoa kiasi gani na lini, na akitimiza adhabu isimame. Mwisho mhesabu fedha iliyoingia, walioahidi wakatimiza, na waliorudi kulalamika. Sijui yatatoka majibu gani, na lazima uwe tayari kwa jibu usilolipenda: inawezekana vitisho vikaingiza haraka zaidi kwa mwezi wa kwanza. Hatari nyingine ya njia hii ni ya taratibu. Utaambiwa fundisha huu wa zamani kwanza, mabadiliko yanakuja, na mwaka utapita. Kama utaifuata njia hii, jiwekee tarehe, na masharti yawe kwenye maandishi.

Unaweza kukataa cheo ukabaki mpigaji wa kawaida. Unalinda mshahara wa sasa, mdogo wako anaendelea na chuo, na miezi 8 inakwisha. Lakini siku ya 6 itaendelea kufika kila wiki, na bosi aliyekataliwa anaweza kukutazama kwa jicho jingine. Je, unaweza kukataa ule ukurasa peke yake? Yaani ukawafuatilia wenye madeni kwa bidii zako zote na usiwapigie wengine? Jina lako litashuka ubaoni. Ni wewe unayejua kama unaweza kulivumilia hilo.

Unaweza kuondoka. Hapo deni lako ndilo linakutisha, nami nakuelewa, lakini naona unaliogopa bila kulisoma. Omba taarifa kamili ya mkopo wako kwa maandishi, salio, riba, na kifungu kinachosema nini kinatokea ukiacha kazi. Mwajiri anaweza kukubali uendelee kulipa kwa awamu, na akikataa utakuwa umejua namba halisi badala ya kivuli. Ukiwa na namba unaweza kuanza kutafuta kazi sasa, huku ukiwa ndani. Kuhusu hofu ya majina ya simu yako kufunguliwa, hebu kaa nayo kidogo bila kuifukuza. Unajua jinsi inavyouma kwa sababu unakijua chumba kile. Nadhani hofu hiyo imekuandikia barua hii pamoja na dhamiri yako, wala sioni aibu ndani yake.

Na ipo njia ya kutoa taarifa kwa msimamizi wa mikopo au wa taarifa binafsi nchini kwako. Ukiifikiria hiyo, tafadhali usibebe orodha za wateja kwenda nazo nyumbani wala usitoe rekodi za simu. Utakuwa umefanya kosa lile lile unalotaka kulishtaki, na watakukamata nalo. Eleza utaratibu ulivyo, uwaachie wenye mamlaka waingie wenyewe. Ongea na mwanasheria kwanza ukiweza, maana ulinzi wa mtoa taarifa unatofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mahali pengine ni dhaifu.

Yale mashauri unayowapa wadaiwa kimyakimya yamenigusa. Lakini yana mtego. Unazungumza kwa niaba ya anayedai, kwenye simu inayorekodiwa, na mdaiwa hajui leo unamwambia kwa kofia ipi. Ukikosea, ataumia yeye. Kilicho salama zaidi ni kumpa ukweli ambao ni haki yake kuujua: mchanganuo wa deni, kwamba anaweza kulipinga kwa maandishi kama anaona kuna kosa, na kwamba kuongeza muda hakupunguzi deni hata kidogo. Hayo unaweza kuyasema kwa sauti ya kawaida bila kunong'ona.

Mkeo anasema usipofanya wewe atafanya mwingine. Ni kweli, atafanya. Naomba umuulize kwa upole, siku mko peke yenu, je, simu ile ingekuwa imepigwa kwake, ikimtaja mdogo wako, angejali iwapo mpigaji alikuwa mwenye roho nzuri? Msikilize jibu lake. Yeye ndiye atakayeishi na uamuzi huu pamoja nawe, asiwe mtu wa kushawishiwa tu.

Nimwache Mama J mwisho kwa sababu ndiye aliye mgumu kwangu pia. Moyo unakutuma kumpigia mama mkwe leo leo umwambie ukweli. Ngoja. Namba ile uliipata kwa njia isiyo halali, na kuipiga tena, hata kwa nia njema, ni kuingia tena nyumba ya watu bila kubisha hodi. Tena miezi 3 imepita. Huenda wameshayamaliza, huenda Mama J amejenga maelezo yake ambayo simu yako itayabomoa. Wala usichukue namba yake ofisini ukampigia kwa simu yako binafsi usiku. Unayeweza kumwendea kwa njia halali ni Mama J mwenyewe, kupitia namba ya ofisi, kwa sababu alileta ombi ofisini na ofisi haijalijibu. Muombe radhi bila kujieleza sana, mwambie uliyomwambia mama mkwe hayakuwa kweli na wewe ulijua, kisha muulize anataka nini sasa.

Anaweza kutaka barua, yenye jina la kampuni, inayosema deni lilishalipwa lote, kwamba hakuna aliyeandikishwa mdhamini, na kwamba taarifa iliyotolewa kwa ndugu yake ilikuwa ya uongo. Barua akae nayo yeye, aioneshe kwa anayemtaka. Kuiomba barua hiyo kutoka kwa bosi kunaweza kukugharimu, maana ni kampuni kukiri kosa kwa maandishi. Jinsi atakavyokujibu itakueleza pia mengi kuhusu masharti yako ya ukufunzi. Anaweza pia kutaka umwache tu, asisikie sauti yako tena. Akisema hivyo, mheshimu, na yale maneno ya kumuombea radhi utabaki nayo wewe.

Sikukujibu kama ukubali au ukatae, nami najua ulitaka neno moja. Una siku chache kabla ya mwisho wa mwezi. Ningekuwa na mdogo wangu mwenye barua hii mkononi, ningemwambia kesho asubuhi aombe ile taarifa ya mkopo wake, na jioni akae na mkewe waisome pamoja, mstari kwa mstari. Kisha niandikie tena uniambie mmeona nini.